Karatasi Humtangulia Mnyama

Maneno yaliyotolewa Kigali mbele ya wajumbe wa jamii za mipakani

Tumechagua kusema nanyi kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayosikika pande zote mbili za mpaka, kule Rubavu na Rusizi, na vilevile Rusumo na Kagitumba. Na jambo tulilowaitia ni la pande zote mbili.

Tumewaita tuzungumze juu ya hati. Tunajua kwamba neno hilo halipendezi masikioni. Mkazi wa mpakani anaishi na hati kuliko raia mwingine yeyote: kitambulisho, hati ya kuvukia, risiti ya ushuru, cheti cha mbuzi wake sokoni. Kumwongezea hati nyingine ni kama kumwongezea mzigo mtu aliye katikati ya kilima. Lakini hati tunayoikusudia leo haimhusu mbuzi wala ng'ombe. Inamhusu mnyama wa porini anapotoka mkononi mwa mtu huyu kwenda mkononi mwa yule, au anapotolewa nchi hii kupelekwa nchi ile. Na tunaizungumzia kwa sababu wanaoshikwa kwa kuikosa mara nyingi si wenye biashara. Ni watu wa mpakani: wachukuzi, madereva wa pikipiki, na wakati mwingine watu wema kabisa waliodhani wanatenda hisani.

Tuanze na ndege tunayemjua sote. Umusambi, korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ndiye ndege yule aliyemo katika bendera ya jirani zetu wa Uganda. Kwa miaka mingi hapa Rwanda alionekana akitembea katika bustani za nyumba za wenye uwezo na katika viwanja vya hoteli. Alihesabiwa kuwa ishara ya utajiri na ya maisha marefu. Tuwe wakweli: wengi waliomfuga hawakujiona majangili. Walimpenda. Walimpa mahindi, wakamwonyesha mgeni kwa fahari. Ila ili asiruke walimkata manyoya ya mbawa, na wengine wakamvunja bawa lenyewe. Naye katika kifungo kile hakutaga wala hakulea, kwa maana korongo huyu huzaa akiwa na mwenzi wake katika kinamasi chake.

Sasa tazameni njia aliyoipitia mpaka akafika bustanini. Mtoto mchungaji alimwokota kifaranga kinamasini akamuuza kwa bei ndogo kwa mpita njia. Mpita njia akampeleka mjini. Mtu wa mjini akamtoa zawadi kwa rafiki yake, na rafiki, alipohama, akamwachia mpangaji. Ukiuliza pale bustanini, "Ndege huyu umempata wapi?" jibu ni moja: "Nilipewa." Na aliyempa naye alipewa. Kila mkono ulitoa kwa adabu njema, kila mkono ukapokea kwa shukrani, na katika mnyororo mzima hakuna karatasi hata moja, wala hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kutoa. Mtu hawezi kumpa mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana. Zawadi haimgeuzi mnyama wa porini kuwa mali ya mpokeaji. Inaongeza tu jina jingine katika orodha ya watu watakaoulizwa.

Mwaka 2014 ilianza kazi ya kuufungua mnyororo huo. Chama cha Rwanda Wildlife Conservation Association, kilichoanzishwa na daktari wa wanyama Olivier Nsengimana, kilishirikiana na mamlaka za serikali kutangaza msamaha: aliyekuwa na korongo nyumbani ajitokeze, ndege aandikishwe, naye asiadhibiwe. Watu walijitokeza. Korongo zaidi ya 200 walitolewa majumbani na hotelini. Mtu anaweza kudhani kuandikisha ni jambo la kalamu tu, lakini kwa kila ndege ile ilikuwa mara ya kwanza kuwa na kumbukumbu: alipatikana wapi, mbawa zake zina hali gani, na pete ya mguuni inayomtambulisha ni ipi. Kuanzia hapo alipohama, kumbukumbu ilihama naye. Alipelekwa karantini, akapimwa magonjwa, na aliyeweza kuruka tena akasafirishwa hadi Hifadhi ya Akagera. Wale ambao mbawa zao hazikupona walipata makao hapahapa Kigali, katika kinamasi kilichorudishiwa uhai wake na kupewa jina la Umusambi Village, kilichofunguliwa mwaka 2021. Ukipata nafasi nenda ukawaone. Wako wanaotembea tu, hawataruka tena.

Hesabu ya mwaka 2017 iliwakuta korongo wa porini wasiofika 500 katika nchi yote. Mwaka 2023 walikuwa wamepita 1,000. Hatusemi kwamba karatasi ndizo zilizotaga mayai. Waliofanya kazi ni walinzi wa vinamasi, ambao wengi ni wanavijiji kama ninyi. Lakini kama soko la vifaranga lingebaki wazi, kazi ya walinzi hao ingekuwa kuchota maji kwa pakacha.

Msamaha ule ulimhusu aliyejitokeza. Haukuwa ruhusa ya kufuga. Leo Sheria Na. 064/2021 ya tarehe 14 Oktoba 2021 inasimamia bayoanuwai nchini Rwanda, na mnyama anayelindwa hashikwi, hafugwi, hauzwi wala hahamishwi pasipo idhini ya mamlaka husika. Kwa upande wa wanyamapori, mlango wa kuugonga ni Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, yaani RDB. Polisi hatutoi vibali hivyo. Kazi yetu ni kuviuliza.

Sasa tuvuke mpaka. Nchi zote zinazotuzunguka, yaani Uganda, Tanzania, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zimo pamoja nasi katika Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea ya Porini Iliyo Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa herufi CITES. Ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973, nasi Rwanda tulijiunga mwaka 1980. Hivyo anayetuambia, "Kule ng'ambo hawajali mambo haya," anatudanganya au amedanganywa.

Mkataba huu unawagawa viumbe katika viambatisho vitatu. Kiambatisho cha I kina wale walio katika hatari kubwa zaidi: gorila wetu wa milimani, sokwe mtu, faru mweusi, kakakuona wa kila aina, na tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu anayetoka katika misitu ya Kongo. Biashara ya hawa waliotolewa porini imefungwa, na hata wanapohamishwa kwa sababu isiyo ya biashara, zinahitajika hati mbili: kibali cha nchi inayopokea na kibali cha nchi inayotoa. Na kile cha nchi inayopokea ndicho kinachotangulia. Korongo wetu yumo katika Kiambatisho cha II: huyu nchi inayotoa ndiyo inayobanwa kwanza na mkataba, ingawa sheria ya kila nchi inaweza kudai zaidi.

Tunaomba msione vibali hivyo kuwa mihuri mitupu. Kabla ya kutia saini, mamlaka ya nchi inayotoa inapaswa kujiridhisha kwamba kumwondoa mnyama hakutawadhuru wenzake waliobaki porini, kwamba alipatikana kwa njia halali, na kwamba atasafirishwa bila kuumizwa wala kuteswa. Nchi inayompokea mnyama wa Kiambatisho cha I nayo hujiuliza: huyu atakayempokea ana mahali pa kumweka na ujuzi wa kumtunza? Na je, lengo lake ni biashara? Maswali haya hayawezi kujibiwa mnyama akiwa tayari ndani ya gunia juu ya pikipiki. Ndiyo maana tunasema karatasi humtangulia mnyama. Ikimfuata nyuma, imekwisha kuwa uongo, hata kama muhuri ni wa kweli.

Wako watakaosema kwamba sheria hizi zimewekwa kwa ajili ya mnyonge tu. Tuwaeleze basi habari ya faru wa Akagera. Katika miaka ya 1970 hifadhi ile ilikuwa na faru weusi zaidi ya 50. Wa mwisho alionekana mwaka 2007, kisha kimya. Mwaka 2017 faru weusi 18 waliletwa kutoka Afrika Kusini. Mwezi Juni 2019 wakaja wengine watano kutoka bustani za wanyama za Ulaya: watatu wa Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki, mmoja wa Uingereza na mmoja wa Denmark. Hao watano walikusanywa kwanza pamoja huko Cheki kwa miezi kadhaa, wazoeane na wazoee vizimba vya safari, ndipo wakapanda ndege kuja Kigali. Zilikuwa serikali zilizokubaliana, wataalamu waliosifika, na hifadhi yenye walinzi. Hata hivyo faru yule mweusi, mkubwa kuliko gari dogo, hakupanda ndege kabla ya karatasi zake kukamilika. Kama faru wa serikali husubiri, kasuku wa mfanyabiashara naye asubiri.

Tuje sasa mpakani kwenyewe. Tuseme kijana mchukuzi amefika kituoni alfajiri. Mtu asiyemjua vizuri anamwomba amvushie tenga lililofunikwa kwa kitenge. Anaambiwa ni kuku. Ujira ni mara tatu ya ule wa kawaida, na hiyo peke yake ingetosha kumstua. Anapofika kwenye ukaguzi kitenge kinafunuliwa, na ndani wamo kasuku wanne wamefungwa midomo kwa utepe. Mwenye tenga amesimama ng'ambo anatazama. Anaona kijana amesimamishwa, anazima simu, anaondoka. Aliyekutwa na mnyama ni kijana. Atasema hakujua, na huenda ni kweli. Lakini hayo atayasema mbele ya wapelelezi, siku zikipita, na nyumbani chakula kimekatika.

Watanzania waliopo hapa wanalikumbuka sakata la twiga. Mnamo Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa katika ndege Uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Kesi ilifunguliwa, na hukumu ilipotolewa mwaka 2014 mshtakiwa mkuu hakuwapo kizimbani. Alikuwa amekwisha kutoroka. Twiga hawakurudi. Mwenye mzigo wa namna hii huwa ameuona mlango wa kutokea kabla hajamwita mchukuzi.

Kwa hiyo, kijana wetu, kabla hujajitwika, sema: "Fungua nione." Hilo si dharau, ni haki yako, kwa kuwa shingo itakayobeba lawama ni yako. Ukiona kiumbe wa porini, usichukue, hata ukionyeshwa karatasi. Mpeleke mwenye mzigo akaionyeshe mwenyewe kwa afisa. Hatutaki mchukuzi awe mwanasheria, ila si vibaya kujua machache. Kibali cha kweli kinataja aina ya mnyama na idadi, nchi anakotoka na anakokwenda, na mtu atakayempokea. Kibali cha kutolea nje hakiishi zaidi ya miezi sita. Kimoja hutumika kwa shehena moja. Hakigawanywi wala hakirudiwi kesho. Nakala iliyopigwa fotokopi haivushi kitu. Palipofutwa au kubadilishwa pasipo muhuri na saini ya aliyekitoa, kibali kimekufa. Na karatasi inayosema ndege wawili haiwafuniki wanne.

Kisa cha pili kinatuumiza zaidi, kwa sababu mtenda kosa ndani yake ni mtu mwema. Mama mmoja analima karibu na kinamasi. Anampata mtoto wa nyani amefungwa kamba, ameachwa na watu waliomwona mlinzi wakakimbia. Anamhurumia. Ana dada yake ng'ambo ya mto, jirani na msitu ambako anaamini mnyama ametoka. Anamfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto wake, anavuka kumrudisha kwao. Moyo wake ni safi. Lakini amemhamisha mnyama wa porini kutoka nchi hadi nchi bila kibali, na hajui kama kweli ametoka msitu ule. Ikiwa ana ugonjwa, amewapelekea wanyama wa kule, na pengine amewapelekea watoto wa dada yake vilevile.

Mkataba umelifikiria hili. Mnyama aliyekamatwa hurudishwa kwao baada ya serikali mbili kushauriana, au hupelekwa kituo cha uokoaji. Ni njia ndefu, hatukatai. Mwishoni mwa mwaka 2004 mamlaka za Rwanda zilimwokoa mikononi mwa majangili mtoto wa gorila wa milimani, wa kike, aliyepewa jina la Maisha. Alilelewa Kinigi. Mwaka 2010 ndipo alipovushwa kwenda kituo cha Senkwekwe huko Rumangabo, ndani ya Hifadhi ya Virunga, akaishi na gorila wa aina yake. Ni zaidi ya miaka mitano, na umbali wenyewe tungeweza kuumaliza kwa gari kabla ya chakula cha mchana. Katika miaka hiyo ilibidi afya yake ilindwe, mahali pa kumpokea papatikane, na nchi mbili ambazo hazikuwa na uhusiano mwepesi wakati ule zikubaliane. Alivuka kwa hati.

Mzee mmoja akituuliza, "Mbona korongo wa Rugezi huruka hadi Uganda na kurudi, na hamumwombi kibali?" tutamjibu kwamba ameuliza vizuri. Korongo huyo huenda kwa mbawa zake. Sheria haimfuati ndege, inafuata mkono. Mkono wa binadamu ukishamshika, ndipo maswali yanapoanza.

Basi ukimpata mnyama wa porini, mgonjwa, aliyenaswa au aliyetelekezwa, kazi yako inaishia upande huohuo wa mpaka ulipomkuta. Usimvushe, usimlishe usichokijua, usimpige picha na kumtangaza katika makundi ya simu, maana wanunuzi nao wamo humo. Mwarifu kiongozi wa kijiji, walinzi wa hifadhi kama wako karibu, au kituo cha polisi. Kwa Rwanda piga 112. Wanaofuga nyumbani, iwe ni korongo wa marehemu babu au kasuku aliyeletwa na mjomba, wasisubiri tuwabishie hodi, wala wasimpe mtu mwingine ili kuondoa balaa mlangoni kwao. Kumgawa ni kosa jingine juu ya lile la kumweka. Wala msimwachie porini usiku. Aliyekatwa mbawa ataliwa na mbwa kabla ya asubuhi.

Nasi tuna letu la kukiri. Tumesikia malalamiko ya mtu aliyekabidhi ndege katika kituo kimoja, akaondoka mikono mitupu bila karatasi yoyote, na baada ya wiki majirani wakawa wanamwita muuzaji. Malalamiko hayo ni ya haki. Tunapowadai ninyi hati, na ninyi mna haki ya kutudai. Ukimkabidhi mnyama, omba iandikwe hapohapo: tarehe, saa, mahali, aina ya mnyama na hali yake, jina lako na jina la aliyempokea, saini za wote wawili, na nakala moja ibaki kwako. Afisa akisema hakuna karatasi, mwombe atumie daftari la kituo, nawe uandike namba ya ukurasa. Ihifadhi mahali unapohifadhi kitambulisho chako. Siku ukiulizwa yule ndege alikwenda wapi, hutalazimika kujibu kwamba ulimpa mtu.

Wenzetu wa forodha na daktari wa mifugo wako hapa mezani, na wamekubali kujibu maswali kuhusu kuku, bata, sungura na njiwa wa kufugwa, ambao wana taratibu zao nyingine za afya na hawamo katika haya tuliyoyasema. Tuanze na wajumbe wa Rusizi, maana wamesafiri mbali kuliko wote na gari lao linaondoka saa nane.